Bingo ya Mama Mdogo Rosella

Kama leo watoto wa kijiji chetu wanahesabu kwa Kiojibwe, lugha yetu sisi wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, shukrani zangu za kwanza zimwendee mama mdogo Rosella, mtangazaji wa bingo katika redio yetu ndogo: yeye hutaja namba, na anayekamilisha kadi yake kwanza hupiga simu na kushinda.

Yeye ni kitinda mimba. Mama yangu, Eunice, ndiye dada mkubwa, aliyechukuliwa na serikali akapelekwa shule ya bweni na kuchapwa kila alipotamka neno la kwao. Aliporudi aliifungia lugha moyoni. Sisi wanawe tukimwuliza, alisema, "Nimeisahau." Kwa hiyo Rosella hakupata wa kumfundisha, alijifunza ukubwani, akisikiliza kanda za wazee huku akiosha vyombo.

Majira fulani ya baridi akaamua kutaja namba za bingo kwa Kiojibwe kwanza, ndipo Kiingereza. Simu zikamiminika.

"Rosella, unatuchezea? Tumekuja kushinda, hatukuja kusoma!"

"Anayetaka kushinda atege masikio," akawajibu hewani. "Mimi siondoki hapa."

Alhamisi moja mama alikuwa akikoroga supu ya samaki na mchele mwitu uotao ziwani, mimi nimemshikia kadi yake. Redioni Rosella akasema, "Niizhwaaswi. Nane!"

Mama akatupa mwiko. "Nane gani! Hiyo ni saba, mjinga wee!"

Kabla sijasema kitu, alikwishapiga simu.

"Bingo?" Rosella akauliza, kijiji kizima kikisikiliza.

"Bingo kitu gani! Nane ni nishwaaswi. Ulimi wako umeganda?"

Rosella akaacha kutaja namba. "Dada... kumbe lugha unayo?"

"Ninayo," mama akasema, machozi yakimtiririka. "Haya, endelea, watu wanangoja."

Alhamisi iliyofuata Rosella alimjia na gari lake bovu, akamketisha mbele ya kipaza sauti. Wakawa wanataja namba pamoja, wakigombana, wakicheka. Wazee wengine walionyamaza miaka yote nao wakaanza kupiga simu: kusahihisha, kutania, kuulizia barafu ya ziwani, yote kwa Kiojibwe.

Mama alifariki mwaka jana. Kabla hajafumba macho nilimuaga kwa lugha yake, naye akanijibu. Ningeyapata wapi maneno yale bila yule kitinda mimba mbishi?

Nikimshukuru, Rosella huguna tu. "Acha maneno, mwanangu. Njoo unisaidie kukwangua barafu kwenye kioo cha gari."