Kete Nyingi za Mzee Shomari

Mtu niliyemsifu gazetini kwa ushindi wa bao alikuwa ameshindwa.

Mie ni karani, nimetoka bara. Mhariri aliniahidi kazi nikiandika vizuri pambano la mafundi wawili wa Temeke, Mzee Shomari na Kombo. Walicheza haraka hata macho yangu yakapotea. Ghafla Kombo akasomba kete za mwenzake, mikono ikasimama, watu wakashangilia. Nikahesabu: bado Shomari alikuwa na kete nyingi zaidi. Kwetu huyo ndiye mshindi. Nikaandika uchambuzi mrefu nikiisifu subira yake.

Jumamosi nikaukuta ukisomwa barazani. Nikaamkia.

“Marahaba, mwanangu,” Shomari akaitikia. “Safu yangu ya mbele ilibaki na kete ngapi?”

“Hata moja, mzee. Zote zilikuwa nyuma.”

“Basi hapa aliyeishiwa mbele amefungwa, hata nyuma awe na gunia.”

“Mwacheni aendelee,” alisema Kombo. “Nataka kujua nilishindwaje.”

Baraza zima likacheka, isipokuwa mhariri, aliyekuwa amekuja kusikia nikisifiwa. Alilikunja gazeti taratibu, akaondoka. Mpaka leo hajaniambia kama kazi ninayo.