Feni ya Gari, Njiani Kwenda Nyangamara

Mvua ilitukamata tulipoipita Nangurukuru, na muda si muda kioo cha mbele kikaweka ukungu kwa ndani. Nikazungusha kitufe cha feni, ile inayopuliza hewa kwenye kioo. Kimya. Nikazungusha mpaka mwisho. Kimya vilevile.

"Fyuzi hiyo," akasema kaka yangu.

Kaka ndiye mkubwa wetu. Ujanani aliwahi kuendesha lori la magogo, na tangu hapo hakuna chenye magurudumu asichokijua. Alikaa kiti cha mbele ndani ya kanzu iliyopigwa pasi mpaka inakata, na kofia mpya ya kushonwa kwa mkono. Tulikuwa tunakwenda Nyangamara kumwozesha binti wa marehemu mdogo wetu. Baba wa bibi harusi hayupo, babu hayupo, kaka wa kuzaliwa naye hana, kwa hiyo walii wa kumwozesha alikuwa kaka yangu. Bila yeye hakuna ndoa. Alikuwa ametukumbusha jambo hilo tangu tunatoka Kilwa Masoko.

Mke wangu alikuwa nyuma, amezungukwa na mafurushi ya nguo za bibi harusi ambazo alizishona mwenyewe. "Fungueni vioo basi," akasema, "tutagonga mbuzi wa watu."

Tukashusha vioo vya mbele. Ukungu ukapungua kidogo, mvua ikaingia yote. Kaka akawa anafuta kioo kwa kitambaa, mara upande wake, mara upande wangu, mkono wake ukinipita puani.

"Kaka, sioni barabara. Naona kiwiko chako."

"Endesha, wewe. Ndoa ni baada ya Alasiri."

Kiranjeranje nikashindwa. Nikaliegesha gari chini ya bati la kibanda cha mkaa kilichofungwa. Kaka hakungoja. Aliinama chini ya usukani, akafungua kifuniko cha fyuzi, akachomoa moja na kuiinua kwenye mwanga. Kweli, ilikuwa imeungua.

"Nilikwambia nini?"

Nilikiri alikuwa sahihi, na hapo ndipo nilipokosea, maana alipata nguvu. Alichomoa fyuzi nyingine ya rangi ileile, akaipachika mahali pa iliyoungua, akaniambia niwashe. Feni ikanguruma mara moja, kama mtu aliyeamshwa kwa teke, ikanyamaza. Fyuzi ya pili nayo ikawa imekwenda.

"Hiyo umeitoa wapi?" nikauliza.

"Hapo pembeni."

Nikawasha waipa. Hazikucheza hata kidogo. Hapo pembeni palikuwa pa waipa.

Nilishuka, nikasimama kwenye matope, nikahesabu pumzi zangu ili nisije nikamtolea mkubwa wangu maneno ya kujutia. Niliporudi, alikuwa amekwisha kuchomoa ya tatu, ameipeleka kwenye waipa, na waipa zinacheza. Alinitazama kama anayesubiri shukrani. Nikatia gia tukaondoka. Hatujamaliza hata nyumba za Kiranjeranje, mke wangu akaniuliza kwa upole uliozidi kiasi, "Vioo mbona havipandi?"

Nikabonyeza. Havikupanda. Ya tatu ilikuwa ya vioo.

Nikageuza gari, tukarudi chini ya bati la mkaa. Nikamwambia kaka asiguse kitu tena, hata redio. Akanijibu kwamba lori lake halikuwa na upuuzi wa kioo kupandishwa kwa umeme. Nikamwambia basi angekwenda Nyangamara kwa lori lake. Akasema yeye ni walii, hawezi kusemeshwa namna ile. Sauti zetu zilikuwa zimepanda mpaka mama mmoja wa nyumba ya jirani akatoka barazani kututazama.

"Shemeji," mke wangu akaingilia, "ile feni ilinguruma, umeisikia? Cherehani yangu uzi ukijisokota ndani, mota inanguruma hivyohivyo. Kuna kitu kimeikwamisha. Hata mkiweka fyuzi kumi, zote zitaungua."

Kaka akavuta magoti yake pembeni kunipisha.

Nikaitoa droo ya dashibodi, ile iliyo mbele ya magoti ya abiria, nikapitisha mkono nyuma yake. Chujio la hewa lilikuwa limetafunwa. Nyuma yake feni, ya mviringo kama kikapu, ilikuwa imejaa. Nikavuta manyoya ya mto, vipande vya gunia, nyasi, na ufuta. Ufuta mwingi. Panya alikuwa amejenga humo na kuweka akiba.

Nikamwonyesha kaka kiganja kilichojaa ufuta. Mwezi uliopita kaka aliliazima gari langu kwenda Mitole, akaliegesha wiki nzima ubavuni mwa ghala lake la ufuta.

"Panya wa Mitole wamezidi," akasema.

Nikasafisha kwa vidole mpaka feni ikazunguka nilipoisukuma. Tulibaki na fyuzi moja nzima kwa kazi tatu. Tukaitumia kupandisha vioo, kisha tukaipeleka kwenye feni, tukangoja mvua ipungue tuende bila waipa. Nilipowasha, hewa ilitoka kwa nguvu, na pamoja nayo ufuta uliobaki, wote kwenye kanzu ya kaka. Alijipangusa mpaka Mchinga. Lindi mjini tukanunua fyuzi, nikazipachika mwenyewe, yeye akiwa amekatazwa kushuka.

Nyangamara tulifika watu wamekwisha kusali Alasiri, wanatungoja msikitini. Nilikuwa bado nimenuna. Shehe akamkalisha kaka mbele ya bwana harusi, wakapeana mikono, akamwelekeza maneno ya kusema. Kaka akaanza, "Nimekuozesha binti yangu…"

"Binti wa ndugu yako," shehe akamsahihisha taratibu.

Akarudia. "Nimekuozesha binti wa ndugu yangu…" Alipofika kwenye jina la marehemu, sauti ikamkatika. Nikatambua kwamba sikumwuliza hata mara moja siku ile anajisikiaje. Nikasogea, nikakaa karibu yake, goti langu likigusa lake. Akavuta pumzi, akalitamka jina la mdogo wetu lote, akamaliza.

Jioni bibi harusi alikuja kumsalimu. "Shikamoo, baba mkubwa." Kaka alimshika kichwa kwa mikono miwili, akaitika, "Marahaba, binti yangu."