Kioo cha Mama Kilimani

Juzi, kwenye jumba la makumbusho, niliona kioo kidogo cheusi. Maelezo yalisema kwamba wasafiri wa zamani, wakifika penye mandhari nzuri, waliipa mgongo na kuitazama ndani ya kioo hicho. Mara pua yangu ikajaa harufu ya mafuta ya nywele.

Mama alikuwa msusi. Alasiri moja alitoka saluni na kioo chake cha mkononi, tukapanda kilima cha Observatory, juu ya mji wa ugenini tuliohamia. Nyasi kavu zilinikwaruza miguu, na huko chini teksi zilipiga honi bila kukoma. Mama akakaa juu ya jiwe, akaupa mji mgongo, akainua kioo. Nilidhani anajitazama. Nikakasirika: kupanda kote kule kwa ajili ya uso ambao angeuona hata nyumbani!

Nikachungulia juu ya bega lake. Uso wake haukuwamo. Alikuwa akikiinamisha kioo polepole, maghorofa yakitoka moja baada ya jingine, mpaka vikabaki vilima vya mbali na ukungu wa bluu.

"Ni Bukavu," alisema, akiutaja mji wa kwao. "Ziwa liko nyuma ya kile pale."

Pembeni mwa kioo kilikuwemo kichwa changu. Nikaona naiharibu picha yake, nikasogea.

"Rudi hapo, mama," akaniambia. Ndivyo alivyoniita siku zote, mimi binti yake. "Usitoke. Ukitoka, kushuka kutanishinda."

Wakati ule nilidhani anasema magoti yake, si vile vilima. Nikampa mkono.