Vyumba Sita vya Sponji

"Nyumba yangu ina vyumba sita vya kulala, na hakuna hata kimoja kisicho na godoro." Sponji aliyasema hayo kwenye kipaza sauti, harusini kwa shemeji yake, watu wakisubiri tu amalize ili keki ikatwe.

Aliitwa Sponji kwa sababu aliuza magodoro, na pia kwa sababu ukimbonyeza anavimba upya. Kwake, akikupa godoro amekupa chumba. Ndivyo nyumba aliyoijenga ikiwa na vyumba vitatu ilivyozaa vingine vitatu bila tofali kuongezwa. Ncha ya korido aliiziba kwa plaiwudi, ikawa inaingiliwa kwa kupitia chumba cha watoto. Chini ya ngazi alisukumiza godoro alilolikata pembe kwa kisu cha dukani. Na stoo, ambayo haijawahi kuona dirisha, aliitundikia pazia la maua kwenye ukuta mtupu, akampa mama mkwe wake.

Kisha akataka mkopo wa duka la pili. Alishalitangaza kwa mtaa mzima palepale harusini, hadi rangi ya mlango. Fomu aliijaza vyumba sita, na mkopo ungetoka kama vingekuwa sita kweli. Benki ikamtuma mthamini, dada mmoja mpole mwenye tepu mkononi.

Vitatu vya kwanza havikuwa na neno. Kwenye plaiwudi akasimama.

"Wa humu anatokea wapi?"

"Kwa watoto. Wamezoeana."

"Basi hii ni korido."

Chini ya ngazi hata hakupima. Aliingiza kichwa, akakitoa. Wakafika stoo, ambako mama mkwe alikuwa ameketi akishona kifungo.

"Hodi, mama. Dirisha linafunguka?"

"Muulize mkwe wangu. Mwaka wa pili huu naliona pazia tu, sijawahi kualikwa nyuma yake."

"Tunalifunga kwa ajili ya vumbi," Sponji akawahi.

Mthamini akalivuta pazia. Kweli vumbi halikuwepo. Lingepita wapi?

"Chumba cha kulala kina dirisha la kutazama nje, hewa iingie, na mtu atoke moto ukiwaka," akasema. "Kina mlango wake, na mtu anasimama wima. Godoro hatulihesabu, kaka. Godoro linakaa hata juu ya bati. Hapa naandika stoo."

"Stoo," mama mkwe akarudia polepole, kama anayeonja dawa. "Na mimi umeniandika gunia?"

Sponji akageuka mlangoni kumtafuta mkewe amtetee. Mkewe alikuwa ameshabeba begi la mama yake.

"Mama analala chumbani kwetu, na mimi nalala naye," akasema. "Wewe unavyo vile vitatu ulivyoongeza, baba watoto. Chagua. Siku mama akifungua dirisha lake, utarudi."

Benki ikahesabu vitatu, na duka la pili likaishia kwenye kipaza sauti. Sponji akachagua stoo, akalala mlango wazi, akitolewa jasho na godoro lake mwenyewe la daraja la kwanza, lile analoapa dukani kwamba halina joto. Wiki haikuisha akaenda kwa fundi, yuleyule aliyemshauri wakati wa ujenzi autoboe ule ukuta wa stoo, na Sponji akamcheka akisema godoro halipumui.

Fundi hakumkumbusha. Alipima ukuta, akataja bei. Dirisha, grili ya kufunguka, kutoboa na plasta, laki mbili na nusu. Sponji akamhesabia pesa mkononi, akauliza mama mkwe atalifungua lini.