Mama alivyosafiri hadi Manyoni kumzika mtani wake wa kwenye app ya magoti

Wakuu, heshima zenu. Sina sababu ya kudanganya, maana aibu yote ya kisa hiki ni ya kwangu. Anayebisha aende Manyoni akaulize.

Mama yangu, Bi Kalunde wa Itetemia hapa Tabora, aliwekewa goti la bandia. Operesheni ilikwenda vizuri, ila ile dawa ya usingizi ilimkolea. Alichelewa kuamka mpaka nikaanza kuwapigia ndugu. Siku ile siitaki tena.

Mtu wa mazoezi hospitalini akatuonya: ndani ya wiki sita goti lifike nyuzi tisini. Lisipofika linaganda, na mama atalazwa usingizi tena walikunje kwa nguvu.

Akatuwekea app. Ina sauti ya binti anayehesabu, na orodha ya wagonjwa wote wa magoti, nani kafanya mazoezi mangapi leo.

Mama akagoma. "Katoto hata shikamoo hakajui, kaniamrishe nikunje mguu?"

Nilibembeleza wiki nzima. Nikafoka. Nikalia kidogo pia, msinicheke.

Kilichomwamsha ni ile orodha. Anayeongoza: Mzee Ndahani, Manyoni.

"Huyu si Mgogo?"

Kwa wasiojua: sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara, mababu zetu walipobeba pembe za ndovu kwenda pwani na kupita kwao wakiomba maji. Mtani akikutukana hukasiriki. Ukifa, ndiye anayekuja msibani kufanya vituko, anakamata kuku wako na kulala kaburini kabla yako.

Mama akamtumia sauti kwenye app: "We Mgogo, mazoezi unafanya mwenyewe au unamfanyisha ng'ombe?"

Jibu likaja hapo hapo: "Mpagazi wewe! Babu yako alibeba pembe mpaka pwani, wewe mguu wako mwenyewe unakushinda?"

Siku hiyo mama alikunja goti mpaka jasho likamtoka. Ikawa kila siku matusi asubuhi, mchana na jioni. Mimi kazi yangu ni kununua bando.

Wiki ya tano mzee akanyamaza. Siku tatu hajibu.

"Mgogo hanyamazi akiwa hai," mama akasema. "Amekufa. Tunakwenda kuzika."

Nikamwambia labda simu haina chaji. Akaniuliza kama nataka mtani wake azikwe bila vituko, kama mtu asiye na watu. Nilibisha nyumbani, nikabisha stendi, nikabisha mpaka basi lilipopita Itigi.

Manyoni tukauliza nyumbani kwa mzee mwenye goti jipya ni wapi. Bodaboda wa kwanza tu akatupeleka.

Nje ya nyumba ya mzee mama akavaa gunia juu ya gauni. Akajipaka majivu aliyoyabeba kwenye kopo. Akaingia uani analia: "Yuko wapi huyo mvivu aliyekufa ili asishindwe na mwanamke!" Akamkwapua kuku, akajibwaga kwenye kigoda mlangoni.

Kigoda, wakuu! Kifupi, cha kukamulia ng'ombe. Goti limekunjika lote na mwenyewe hana habari.

Marehemu akatoka ndani na magongo.

"Nani kafa?"

"Wewe."

"Nani kasema?"

"Hukujibu tusi."

Binti yake akatueleza kwamba baba kagoma mazoezi, simu kaifungia sandukuni. Mzee akaketi, mguu umenyooka kama mpini wa jembe.

"Linauma, mtani. Acha ligande. Nimezeeka."

Mama akasema, taratibu mno: "Na mimi nikifa, nani atakuja kunilalia kaburini? Utashukaje shimoni na mguu huo?"

Sijawahi kumsikia mama akiongea hivyo.

Mzee akatazama chini. Halafu akamwambia bintiye, "Lete simu."

Wiki ya sita mama alipimwa, akapita. Hakulazwa usingizi. Mzee bado anapambana, na mama hampi nafasi ya kupumua.

Nilichojifunza: app itahesabu, lakini mzee haamki kwa ajili ya hesabu. Anaamka kwa ajili ya mtu.

Karibuni kwa maoni, na matusi ya Wagogo nayapokea. Mwenye mzazi aliyegoma mazoezi, aweke kabila lake hapa chini, tumtafutie mtani.