Fundi Kiilu afuta mto aliouchora mwenyewe

Jua limeshapanda hapa katika mji mdogo wa Kabati na vumbi la rangi limemkaa Kiilu Ndolo kwenye nyusi. Amesimama juu ya pipa, msasa mkononi, anasugua ukuta wa duka la Mzee Jabiri. Anachosugua ni mto mpana uliojaa maji, na kina mama wameinama ukingoni kuchota. Wawili kati yao hawana vichwa tena.

Mto huo aliuchora yeye, mwaka wa njaa, 1984.

Kampuni moja ya soda inapaka maduka ya barabara hii rangi yake nyekundu, na kila mwenye duka anayekubali anapewa friji. Kiilu, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, ameandikwa kibarua kufuta picha zake mwenyewe, kwa shilingi mia moja na hamsini kwa siku. Mwaka huu mzima wa 1994 hajapata kazi nyingine ya maana.

"Nikikataa wataita mtu mwingine," anasema bila kugeuka. "Huyo atakula hiyo pesa na picha itaenda tu."

Mzee Jabiri, ambaye baba yake alitoka pwani kuja kufungua duka hili, hana raha. Anasema wakati wa njaa watu walikuja kununua chumvi tu, kisha wakasimama hapa kuutazama mto. Yeye alimlipa fundi kwa unga tu, na mpaka leo anaona haya.

Kiilu alizaliwa Kalamba, akajifunza kuandika mabango kwa fundi mmoja wa Nunguni. Miaka ya neema alichora mahoteli na mabucha. Miaka ya shida aliandika majina kwenye misalaba ya makaburi, na mmoja wa misalaba hiyo ni wa bintiye, Mumbua, aliyefariki akiwa na miaka mitatu. Hakuna mzazi anayestahili kibarua cha namna hiyo.

Kilichomshikilia ni nyumba ambayo haipo. Tangu ujana amekuwa akiijenga kichwani: nyumba ya matofali kando ya barabara, yenye ukuta mrefu mweupe, na hakuna mwenye duka wa kumwamuru achore ng'ombe au kikombe cha chai. Mkono ukiandika jina la marehemu, kichwa kilikuwa kule kikichagua rangi.

Mkewe, Kasyoka, alishazoea. Akimwita mara mbili bila jibu, anajua mume ameenda kwake, kule kwenye nyumba ya kichwani.

"Nilikuwa nakasirika," anasema. "Hii nyumba inavuja, na yeye anajenga ingine kwa kichwa. Lakini Mumbua alipokufa nilimwambia anipeleke huko na mimi. Akanionyesha jikoni iko wapi."

Saa ya chakula msimamizi wa kampuni anaondoka, na Mzee Jabiri anasogea karibu na pipa. Mto wa Kiilu ni wa rangi ya mafuta, na hii nyekundu ni ya maji. Ikipakwa bila ukuta kupigwa msasa, haishiki; mvua za msimu mmoja au miwili zingeibambua na mto ungerudi. Mzee anamnong'oneza fundi aache kusugua, apake juu juu tu.

Kiilu anawatazama kina mama waliobaki.

"Mzee, ikibambuka watauliza nani alipaka," anasema. "Wataambiwa ni Kiilu."

Anasugua mpaka mama wa mwisho. Kisha anachovya rola.

Alasiri ukuta wote ni mwekundu, laini, hauna hata alama moja ya brashi. Msimamizi anamsifu na kumwambia wiki ijayo wanaenda Mwingi, ambako kuta ni nyingi. Kiilu anakubali.

Akiulizwa kuhusu ile nyumba yake, anafuta vidole kwa tambara.

"Bado naenda," anasema. "Lakini tangu tuanze hii kazi, nikifika nakuta ukuta ni nyekundu. Kasyoka akiuliza kuko aje, namwambia kuko sawa."

Anashuka kwenye pipa na kulibingirisha hadi kivulini. Mpango wake ni mmoja.

"Nikitoka Mwingi nitaenda niipige msasa," anasema. "Pole pole. Mpaka ifike kwa nyeupe."