Changamoto Ndogo Ndogo

Ofisini walimwita Dada Kasoro, maana kazi yake ilikuwa kuijaribu mifumo ya kompyuta mpaka itoe aibu zake hadharani. Jina halikumuudhi. Kilichomnyima usingizi mwezi ule ni alichokiona kwenye mfumo wa hospitali: wagonjwa wawili wakiwa na jina moja, kundi la damu la huyu linaandikwa kwa yule. Na Jumatatu hospitali ilikuwa inauwasha.

Alimwambia kiongozi wake mapema. Lakini pale kwao habari mbaya haiendi kwa Mzee, yaani mkurugenzi, ikiwa uchi. Huvishwa nguo kwanza. "Tatizo" likipanda ngazi moja linakuwa "changamoto", likifika juu ni "changamoto ndogo ndogo", na Mzee hujibu akitabasamu, "Changamoto ndiyo maisha. Tusonge mbele!" Kisha watu hupiga makofi. Adabu tupu, ila adabu ya namna hiyo ingezika mtu.

Kikao cha Ijumaa ya mwisho kabla ya kuwasha, kiongozi wake akaimba wimbo uleule. Mama mdogo wa Dada Kasoro alikuwa akisubiri upasuaji hospitali ileile, na jina lake wanalo nusu ya wanawake wa mtaani.

"Samahani, Mzee," Dada Kasoro akasema. "Hii siyo changamoto. Mtu atawekewa damu isiyo yake, afe."

Wote wakainamia meza. Kiongozi wake akamkanyaga mguu, lakini maji yalikuwa yameshamwagika.

Mzee hakufoka. Heri angefoka.

"Binti yangu, mbona hamkuniambia?"

"Tumekuambia, Mzee. Kila Ijumaa."

Mzee uso ukamsawijika alipoelewa. Akampigia mganga mkuu wa hospitali palepale, simu akaiweka spika ili kila mtu asikie. Dada Kasoro akashusha pumzi.

"Shikamoo, mkuu," Mzee akasema, sauti imekuwa ya mtoto aliyeitwa na mwalimu. "Hapana, hapana, tunaendelea vizuri sana. Kuna changamoto kidogo tu..."

Dada Kasoro akainama juu ya meza hadi mdomo ukakaribia simu.

"Daktari, msiwashe Jumatatu! Mfumo unachanganya damu za watu!"

Upande wa pili sauti nzito ikauliza, taratibu:

"Huyo anayenipigia kelele ni nani?"